Naomba Nirudishiwe Adui Yangu

Ndinda Muindi,
Hoteli ya Tosheka,
Mutomo.

Kwa Mkurugenzi,
Mradi wa Kumbukumbu za Biashara, Kitui na Makueni.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

KUH: KUNYANG'ANYWA ADUI KATIKA KIKAO CHA HADHARA

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, ila nimepungukiwa na kitu kimoja ambacho ofisi yako ilikichukua Jumamosi ile mlipokuja Mutomo na viti vya plastiki, na mpaka leo hamjakirudisha. Kitu chenyewe ni adui. Ninajua watu wengi huandikia ofisi kulalamika kwamba wana maadui. Mimi nalalamika kwamba sina, na nilikuwa naye.

Ili usidhani ni jambo dogo, wacha nikueleze ubora wa adui mwenyewe. Anaitwa Abdisamad Kusow. Duka lake linatazamana na hoteli yangu, na barabara iliyo katikati ina upana wa kupita lori moja na matusi mawili. Alizaliwa hapa Mutomo kama mimi, na Kikamba chake ni safi kuliko cha watoto wangu, jambo ambalo lilinifaa sana, maana tusi likishatafsiriwa hupoa. Baba yake, mzee Kusow, alikuja kutoka kaskazini mashariki akiwa kijana akafungua duka lile. Baba yangu, Muindi, alikuwa ng'ambo ya pili akiuza chai. Wote wawili walinunua mbuzi kwa wafugaji. Na wote wawili walichukiana, au hivyo ndivyo Mutomo nzima ilivyojua.

Kila asubuhi baba alisimama kwenye baraza na kikombe chake, akaita kwa sauti, "Kusow! Leo utamwibia nani?"

Mzee Kusow naye akajibu kutoka ng'ambo, "Nitaanza na wewe, Muindi, kama una kitu cha kuibwa!"

Basi hapo soko lilikuwa limefunguliwa.

Mimi niliurithi uadui huo pamoja na sufuria, na niliutunza kuliko sufuria. Nilifagia vumbi langu kuelekea kwa Abdisamad. Sukari ya hoteli nilikwenda kununua Ikutha, niirudishe kwa pikipiki, ili tu asinione nikiingia dukani kwake. Yeye, kwa haki yake, hakulegea. Alielekeza redio yake upande wangu. Nilipoandikisha bango jipya, alitundika lake lenye taa. Hata malaria haikupata kunilaza kitandani, kwa sababu nilijua akiona mlango wangu umefungwa atafurahi, nami sikuwa tayari kumpa furaha hiyo. Bwana Mkurugenzi, watu wengine wanaamshwa na jogoo. Mimi niliamshwa na Abdisamad.

Sasa nitaeleza malalamiko yangu kwa nambari, kama ofisi zinavyopenda.

1. Hatukupewa onyo. Tangazo lenu mlilobandika sokoni lilisema mtatueleza jinsi watu wa hapa walivyofanya biashara zamani, kwamba wote wanakaribishwa, na kwamba soda ipo. Hakuna palipoandikwa kwamba mtu anaweza kuingia ukumbini na adui akatoka bila. Ingalikuwa ni vizuri kuandika, hata kwa herufi ndogo chini ya soda.

Nilikuja kwa nia njema kabisa. Nilisikia Abdisamad amealikwa kusema habari za duka la baba yake, nikaona ni wajibu wangu kuwepo ili akidanganya nimsahihishe mbele ya watu. Nilivaa kitenge kipya. Niliketi mstari wa kwanza. Hotuba yangu nilikuwa nimeifanyia mazoezi jikoni mpaka mume wangu Mutisya akaijua kwa moyo.

2. Mlimpa Susu Nzilani kipaza sauti. Hili ndilo lililoniumiza, kwa hivyo uniwie radhi nikichelewa hapa.

Susu Nzilani ni nyanya ya watu wengi hapa mjini. Miaka ile ya baba alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza la mzee Kusow. Siku hizi masikio yake ni mazito, kwa hivyo haongei, anapiga kelele. Mtu wa namna hiyo hahitaji kipaza sauti. Lakini binti yenu Yvonne, ambaye ni mpole na simlaumu sana, alimshikia kile chombo mdomoni, akamwuliza swali ambalo kwa kulitazama halina madhara: "Susu, zamani ushindani kati ya wanunuzi wa mbuzi hapa Mutomo ulikuwaje?"

Susu alicheka hadi vipaza sauti vikalia.

"Ushindani gani, mwanangu? Muindi na Kusow? Wale walikuwa na boma moja!"

Mimi nilisimama. Nilisema, "Susu, umechanganya watu."

"Nani huyo? Ni Ndinda? Keti chini, Ndinda. Ulikuwa mtoto."

Kisha akaeleza, Bwana Mkurugenzi, mbele ya wateja wangu wote. Mfugaji alikuja na mbuzi wake kutoka huko porini, akaanza kwa baba yangu. Baba alimtazama mbuzi kama ameona maiti, akataja bei ya kumkasirisha mtu. Mfugaji akakataa. Hapo baba akamwambia, "Basi mpeleke kwa yule ng'ambo, akuibie vizuri." Mfugaji, kwa kumkomoa Muindi, akavuka barabara mbio. Mzee Kusow akaongeza kidogo tu, akamkaribisha chai, akamtukana Muindi pamoja naye. Mfugaji akaenda nyumbani ameshinda vita. Siku nyingine mambo yaligeuzwa, Kusow ndiye akawa mbaya na baba yangu akawa mwema. Na mbuzi wote waliingia boma moja pale barabara yetu inapoishia, lililozunguka nyuma ya maduka yote mawili, wakapakiwa lori moja hadi Mtito Andei, na kutoka huko wakateremshwa Mombasa.

"Hao walikuwa wanacheka nyuma pale," Susu alisema, "hata mimi mshono unanipotea. Muindi alikuwa anashika tumbo."

Baba yangu mimi sikumwona akicheka. Nilidhani hana meno ya nyuma.

Yvonne akamwuliza kwa nini hawakuwaambia watoto. Susu akajibu, "Mtoto ana mdomo. Akijua leo, kesho soko limejua."

Ningeweza kuvumilia kama angekomea hapo. Lakini mlikuwa mmemwachia chombo. Akaendelea hadi kwenye ile njaa ya Nikw'a Ngwete, ambayo jina lake ni kusema nakufa nimeshika, kwa sababu watu walikuwa na pesa mkononi na madukani hakuna chakula. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka kwetu hatukulala njaa. Mama alituambia mahindi yanatoka kwa Shangazi Ndila, dada ya baba, kule Kibwezi kwenye mito. Susu akasema hapana. Mahindi yalitoka kwa Kusow. Yalipita mlango mdogo wa nyuma wa lile boma, na mzee alikuwa akimpunguzia mke wake mwenyewe ili Muindi apate ya watoto. Halafu asubuhi wakatoka mbele ya barabara wakatukanana kama kawaida, na njaa yote, wakishikilia nguzo wasianguke.

Mkurugenzi, nililelewa kwa ugali wa adui, na nikausaga vizuri ukawa nguvu ya kumchukia mwanawe.

Mzee Kusow alipokufa, baba hakwenda mazishini. Sisi tulimsifu kwa msimamo wake. Susu alisema siku hiyo baba alikaa chini nyuma ya cherehani yake, akajifunika na kitambaa cha suruali ya mtu, akalia hadi kitambaa kikaharibika.

Muda si mrefu kiharusi kilimpiga baba, ulimi ukafa. Tulikuwa tukimtoa nje kwenye jua. Kila akitolewa alinyoosha kidole kuelekea duka la Kusow, machozi yakimtoka. Sisi watoto tulielewa anatuambia tusiwasahau maadui. Mimi nilimshika mkono nikamwambia, "Nau, baba yangu, nakuapia sitawaachilia." Akatikisa kichwa kwa nguvu. Akanyoosha tena. Nikadhani anasisitiza, nikaapa mara nyingine.

Niliyakumbuka hayo nikiwa mstari wa kwanza, nimevaa kitenge kipya, na soda yenu mkononi. Naomba ofisi yako inijibu kwa maandishi: mlitarajia mtu aimalize vipi hiyo soda?

3. Mlivuruga mipaka. Kikao kilipokwisha niliondoka bila kuaga mtu. Nilikuwa nimefika nyuma ya hoteli nikasikia mtu ananifuata. Alikuwa Abdisamad. Nikangoja tusi. Hakutukana. Alisema tu, "Ndinda, uko na ufunguo wa ule mlango?"

Nikamwambia, "Huo mlango uko na nyoka. Baba alitukataza."

Akasema, "Hata mimi niliambiwa uko na nyoka."

Kufuli ilikuwa imeliwa na kutu. Akaenda dukani akaleta nyundo, akaipiga, nami nikamshikia mlango usiyumbe, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza tuliyowahi kufanya pamoja tangu tuzaliwe. Ndani kulikuwa na magugu, hori moja ndefu ya maji ambayo mwisho mmoja uko kwangu na mwingine kwake, na jiwe lililochakaa kwa kukaliwa na watu wawili. Kwa kumtetea marehemu baba yangu, naomba iandikwe kwamba nyoka alikuwepo kweli. Alikuwa mdogo, akatutazama, akaondoka.

Abdisamad aliketi kwenye jiwe. Akasema, "Kumbe mimi nimekuwa nikikuchukia bure."

Nikamwambia, "Wewe labda. Mimi nilikuwa nafanya kazi nzuri."

Akaanza kucheka, na sitaki kusema nani mwingine alicheka.

4. Biashara imeharibika. Zamani mambo yalikuwa wazi. Wakulima walikunywa chai kwangu, na wafanyabiashara wa mifugo walikunywa kwa Ladan, mke wa Abdisamad, ambaye ana meza zake kando ya duka. Kila mtu alijua upande wake. Sasa wanavuka ovyo. Wanakaa kwangu wamejaa, nakosa viti, imebidi niongeze benchi na mtu wa kuosha vyombo. Huo ni usumbufu ambao sikuuomba. Tena Ladan mwenyewe aliingia hotelini kwangu mchana kweupe na chupa ya chai, yenye iliki na tangawizi, akaniambia, "Onja, dada." Nilionja kwa nia ya kutafuta makosa. Sijayapata. Kila siku saa nne navuka kwenda kuendelea kutafuta.

5. Sukari. Sina sababu tena ya kwenda Ikutha, na yule wa pikipiki amenikasirikia.

6. Maisha yangu ya kiroho yameyumba. Katika kikundi chetu cha maombi cha akina mama nilikuwa na ombi moja la kudumu, nalo lilikuwa Bwana anipe subira kwa jirani wa ng'ambo. Akina mama walilijua, walilipenda, wengine walifunga kwa ajili yake. Jumatano iliyopita Pasta Kiema akaniuliza, "Mama, leo tukuombee nini?" Nikakosa. Watu wote wamefumba macho wananingoja. Nikasema magoti. Sasa kanisa zima linaombea magoti yangu, ambayo hayakuwa na kitu, na kwa jinsi wanavyoyaombea kwa bidii nimeanza kuyasikia yakiuma.

7. Ndoa. Mume wangu Mutisya ni mtu mtaratibu, na nyumba yetu ilikuwa na amani kwa sababu hasira yangu yote ilikuwa na pa kwenda. Juzi nilijikuta nikimgombeza kwa jinsi anavyokunja gazeti. Akaliweka chini akasema, "Ndinda, hii hasira ilikuwa na anwani. Sasa inaletwa kwangu." Yeye alikwenda mwenyewe kwa Abdisamad kumsihi anitukane hata mara moja kwa wiki. Abdisamad alijaribu. Alisimama kwenye baraza, akaita, "Wewe Ndinda!" Kisha akasahau anataka kusema nini, akaniuliza kama nimeamka salama.

8. Jina la binti yangu. Kifungua mimba wangu nilimwita Ndila kwa heshima ya yule shangazi wa Kibwezi aliyetulisha wakati wa njaa. Sasa imebainika hakutulisha. Nilimpigia simu nikamwuliza, "Shangazi, yale mahindi?" Akasema simu haisikiki. Mtandao wa Kibwezi ni mzuri. Miaka yote hii amepokea shukrani zetu, vikapu vyetu vya maembe na jogoo wa Krismasi, bila hata kukohoa. Binti yangu naye yuko na kitambulisho tayari, na siwezi kumwita Kusow.

Kutokana na hayo, kwa heshima na taadhima, naiomba ofisi yako ifanye yafuatayo:

Kwanza, Susu Nzilani aitwe tena na kuombwa aseme alikuwa anamaanisha Muindi mwingine. Nimejaribu mimi mwenyewe kumshawishi, lakini yeye huchagua la kusikia.

Pili, mlango wa nyuma ufungwe kwa gharama ya mradi, na nyoka atafutwe arudishwe kazini.

Tatu, kabla ya kuingia mji wowote, maofisa wako wapite nyumba kwa nyumba wakiwauliza wenyeji wanamchukia nani, na wasiguse historia ya hao. Wazungumzie mkonge. Wazungumzie reli. Reli haina watoto.

Nne, kama hilo haliwezekani, basi historia ya biashara isimulie tu wafanyabiashara waliokufa bila kuzaa. Sisi wengine tuachwe na wazazi tuliowazoea. Mimi nilikuwa na baba mkali, asiyecheka, mwenye adui mmoja. Mmenipa badala yake mwanamume aliyekuwa akishika tumbo kwa kicheko nyuma ya ukuta wangu, akilia chini ya suruali ya mtu, na aliyetikisa kichwa akiniambia hapana, hapana, mtoto wangu, hapana, nami nikamjibu ndiyo. Huyo simjui. Naanza kumjua nikiwa na mvi, na hana tena pa kunijibu. Sasa mimi kila asubuhi nikifungua mlango natazama ng'ambo, na sijui nifanye nini na mkono wangu, kwa hivyo nampungia. Naye anapunga. Watu wanatuona.

Tano, mradi usiende Kibwezi. Isipokuwa mkishaamua kwenda, basi mwalikeni Shangazi Ndila, mketisheni mbele, mpeni kile kipaza sauti na mumwulize habari za mahindi mbele ya watu. Nauli ya kuja kusikiliza nitajilipia.

Ninaamini ofisi yenye watu waliosoma haiwezi kushindwa kurekebisha jambo ililolivuruga kwa alasiri moja tu. Nakungoja kwa subira, ile ambayo kikundi changu kiliniombea na sasa haina kazi.

Msalimie Yvonne, umwambie kitenge alichosifu kinapatikana kwa Abdisamad, ndani upande wa kushoto. Wasalimie waliopanga viti, dereva wenu aliyekula kwangu sahani ya isyo, yale mahindi yetu na maharagwe, akaomba nyingine, na wote wa ofisini, hata yule aliyebandika tangazo.

Ni mimi mlalamishi wako mwaminifu,

Ndinda Muindi.

N.B. Barua hii inaletwa kwa mkono na Abdisamad, kwa sababu anakuja Kitui mjini kuchukua mzigo, na posta siiamini. Nimeifunga kwa gundi, msimsomee. Ana vidonda vya tumbo na hatawaambia, kwa hivyo msimpe chai ya rangi kabla hajala. Nimemfungia chapati na ndengu, hakikisheni amezimaliza. Akisema ameshiba, anadanganya. Mkimweka kwenye foleni mpaka jioni, akarudi na ile barabara gizani na macho yake yalivyo, nitafunga hoteli nije huko ofisini mwenyewe, na mjue kwamba sasa hivi nafasi ya adui iko wazi.